Nauli ya Kurudi: Kumwandaa Kijana Aendaye Kuishi Kambini kwa Kazi ya Kwanza

(Hotuba kwa viongozi wa walei na wazazi)



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo kila familia ya Nyanda za Juu Kusini inalifahamu, lakini ni nadra kulisikia kanisani. Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne unapomalizika mwezi Novemba, na ule wa kidato cha sita mwezi Mei, vijana wetu wasiokwenda Jeshi la Kujenga Taifa huanza kutafuta kazi ya miezi michache wakisubiri matokeo. Wengine hawasubiri matokeo yoyote. Wamemaliza shule, na shamba la nyumbani limekuwa dogo. Huenda kuchuma chai Mufindi au Rungwe, kupanda na kupalilia miti katika shamba la Sao Hill, kuvuna mpunga Usangu, au hushuka bonde la Kilombero kukata miwa. Kwa wengi hii ndiyo mara ya kwanza kulala mahali ambapo si nyumbani wala si bweni la shule, bali chumba cha kambi, pamoja na watu wasiowajua.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita binti wa kigango kimojawapo alikwenda kuchuma chai. Jumuiya yake ilimuaga kwa nyimbo na sala, akapewa rozari mpya. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama atalipwa kwa kilo au kwa siku, atalala na nani, wala kama ana nauli ya kumrudisha. Alifika mwezi Juni, wakati chai imedumaa kwa baridi. Kilo zake hazikutosha hata chakula. Alikopa dukani, deni likakua, na mwanamume mmoja wa pale kambini akamlipia. Kisha akadai malipo yake kwa namna mnayoijua. Binti alirudi baada ya miezi tisa akiwa mjamzito, amebeba aibu ambayo kwa haki ilikuwa yetu. Nauli aliyoikosa ilikuwa ndogo kuliko sadaka ya Jumapili moja ya kigango kile.

Ndiyo maana leo hatutaanza na maadili ya vijana. Tutaanza na nauli.

1. SAFARI HII SI MPYA

Wazee mlio hapa mnalikumbuka neno manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Wanaume wengi wa Ubena, Ungoni na Mbeya walipewa namba, wakasafirishwa mpaka Tanga na Morogoro. Wengine, hasa kutoka Rungwe, walichukuliwa na Wenela, chama cha wenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoukomesha uandikishaji huo baada ya mwaka 1961.

Katika mkonge mtu alifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku thelathini za kazi. Mshahara ulitoka kadi ilipojaa. Aliyeugua au kuchoka katikati alingoja mpaka azitimize siku hizo. Wako waliorudi na baiskeli, mablanketi na fedha za mahari. Wako pia ambao hawakurudi kamwe, na wajukuu wao wako Tanga hadi leo.

Tunayakumbusha hayo kwa sababu moja. Mtu aliye mbali na kwao, asiye na fedha ya kuondoka, hawezi kukataa neno lolote. Akipunguziwa ujira, atanyamaza. Akiwekwa katika chumba kibovu, atalala humo. Akitukanwa, atainama. Mwenye nauli ya kurudi anaweza kufanya kazi ile ile, katika kambi ile ile, lakini anaifanya kwa hiari yake.

2. MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUPANDA GARI

Mara nyingi kijana huondoka kwa neno la mtu mmoja, jamaa au wakala aliyepita kijijini akisema kazi ipo na malazi ni bure. Mzazi na kiongozi wa Jumuiya wakae na kijana huyo, wamtafute kwa simu mtu anayefanya kazi mahali pale sasa hivi, wamwulize haya:

Kwanza, mwajiri ni nani hasa? Je, ni kampuni yenyewe, au ni mkandarasi aliyepewa kazi na kampuni? Siku ya matatizo kijana lazima ajue amdai nani.

Pili, malipo huhesabiwaje? Anayelipwa kwa kilo anategemea majira. Chai ya Mufindi huchipua sana wakati wa mvua, tangu Desemba mpaka karibu na Mei; miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, huwa na kilo chache. Kazi ya miwa huenda kinyume chake, kwa kuwa uvunaji huanza mvua za masika zikikoma. Anayekwenda kuchuma chai mwezi Juni na anayekwenda mwezi Februari hawaendi kwenye kazi moja, hata kama bei ya kilo ni ile ile.

Tatu, chumba kina watu wangapi, kina mlango wenye kufuli, na wasichana wana vyumba vyao? Maji na choo viko umbali gani? Je, kodi ya chumba hukatwa katika mshahara?

Nne, mshahara wa kwanza hutoka lini? Mtu akianza kazi katikati ya mwezi anaweza kukaa wiki nyingi bila senti. Hapo ndipo deni la dukani huzaliwa.

Tano, nani atalipa safari ya kurudi?

Majibu hayo yaandikwe katika daftari, nakala moja ibaki nyumbani.

3. MZIGO WA KIJANA

Aendaye Mufindi abebe blanketi zito, sweta, koti la mvua na mabuti, kwa maana ukungu wa kule hulowesha nguo kabla ya saa mbili asubuhi. Aendaye Kilombero abebe chandarua, kwa kuwa kijana wa Makete au Njombe aliyelelewa mahali penye malaria kidogo huugua vibaya akishuka bondeni. Wote wabebe sufuria, sahani, tochi, kufuli, ndoo, na unga na maharage ya wiki mbili za mwanzo.

Nyaraka ni hizi: kitambulisho cha Taifa au namba yake, barua ya ofisa mtendaji wa kijiji, nakala ya cheti cha shule, na barua ya utambulisho kutoka parokiani. Vyeti halisi vibaki nyumbani. Mwajiri anayetaka kushikilia vyeti halisi vya kijana anashikilia miguu yake.

Nauli ya kurudi ishonwe ndani ya nguo, au iwekwe katika simu ya mzazi, itumwe siku itakapohitajika. Isiguswe kwa njaa ya jioni moja.

4. MAISHA YA KAMBINI

Chumba cha watu wanne ni shule ya subira. Siku ya kwanza wenye chumba wapatane nani anapika, nani anachota maji, taa huzimwa saa ngapi, na mgeni analala au halali. Mambo haya yakiachwa mpaka ugomvi utokee, hayasemeki tena kwa upole. Kula chungu kimoja kwa mchango huokoa fedha nyingi kuliko kila mtu kununua chapati na soda kwa ajili yake peke yake.

Duka la mkopo linahitaji tahadhari. Mwenye duka ana daftari lake. Kijana naye awe na lake. Aandike kila anachokopa, na kila jioni aandike kilo alizopima. Kazi ya mizani aitazame kwa macho yake mwenyewe, asimwachie jirani.

Wasichana wana vita vya ziada. Yuko mnyapara anayetoa eneo zuri la kuchuma au siku za mapumziko kwa masharti yasiyo ya kazi. Binti ajue kabla hajaondoka kwamba jambo hilo lina jina, ni rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupokea malalamiko hayo. Na ajue kwamba akirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu alikataa, atapokewa kwa heshima. Neno hilo mama na baba walitamke kwa midomo yao kabla ya safari, maana binti asiyelisikia atadhani kwamba fedha ndizo zinazongojwa.

Juu ya Ukimwi tusizungumze kwa mafumbo. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulionyesha kwamba Iringa na Njombe watu wazima wapatao 11 katika kila 100 waliishi na virusi vya Ukimwi, wakati wastani wa taifa ulikuwa kama 5. Upweke, pombe ya siku ya mshahara, na vijana wengi walio mbali na wazazi wao ni mambo yanayokutana kambini. Mzazi anayeona haya kuyasema hayo na mwanawe amemwachia mtu mwingine kazi hiyo.

5. HAKI NA WAJIBU

Yakobo alimtumikia Labani, mjomba wake wa damu, na bado ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Kwa hiyo basi, tusimwone mkorofi kijana anayeomba makubaliano yake kwa maandishi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi, mahali, saa na malipo. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa wiki, wala siku 6 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Makato ya mshahara ni yale yaliyowekwa na sheria, au ambayo mfanyakazi ameyakubali kwa maandishi. Aliyeandikishwa mahali pengine, ajira yake ikikoma, anastahili kusafirishwa au kulipiwa safari mpaka pale alipoandikishwa. Mnaona basi kwamba nauli ya kurudi si fadhila. Tunamwambia kijana abebe ya kwake kwa sababu haki huweza kuchelewa, na basi halingoji.

Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, na aliye chini ya miaka 18 hapaswi kupewa kazi ya hatari, kama vile kupulizia dawa za mimea au kuangusha miti. Wako wazazi wanaoongeza umri wa watoto wao ili wapate kazi. Hao tunawaambia wazi kwamba wanatenda kosa.

Akidhulumiwa, kijana amwone kwanza kiongozi wa chama cha wafanyakazi hapo kazini. Katika mashamba mengi ni TPAWU. Ikishindikana, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri, na kwa madai mengine siku 60. Wengi hupoteza haki kwa kukaa nyumbani wakilalamika mpaka siku zimekwisha.

Kijana naye ana wajibu. Awahi kazini, asiweke majani magumu wala maji kikapuni ili kuongeza uzito, atunze chumba na vyombo alivyokabidhiwa. Anayeiba katika mizani hawezi kumkemea karani anayeiba katika mizani hiyo hiyo.

6. WAJIBU WA JUMUIYA

Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana Wakristo wafanyakazi mwaka 1925, aliwafundisha kuona, kupima na kutenda. VIWAWA yetu inafuata njia hiyo. Nasi tumeona, na tumepima, imebaki kutenda.

Tunapendekeza mambo matatu. Kila kigango kiwe na mfuko mdogo wa nauli, utunzwe na WAWATA na VIWAWA kwa pamoja, na kijana yeyote aliyekwama aweze kutumiwa fedha siku ile ile bila kuulizwa maswali mengi. Maswali yatangoja afike nyumbani. Pili, katibu wa parokia inayomtoa aandike kwa parokia iliyo karibu na kambi, ili Jumapili ya kwanza kijana apate mtu wa kumsalimu kwa jina. Tatu, parokia zenye kambi ndani ya mipaka yao ziwahesabu vijana hao kuwa waamini wao, ziunde Jumuiya kambini kwa saa zinazolingana na zamu, wala zisiwangoje waje kanisani wakiwa wamechoka.

Binti tuliyemtaja mwanzoni yuko katika kigango chake hadi leo. Tulipomwomba ushauri kwa ajili ya hotuba hii, alituambia kwamba akiwa kambini alikuwa akiisikia kila asubuhi honi ya basi la Mafinga likipita barabarani, naye akihesabu kilo ngapi zimebaki apate tiketi. Tuhakikishe kwamba mwaka huu hakuna mtoto wetu atakayeisikia honi hiyo kwa namna ile.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni vijana wangapi wa Jumuiya yetu wako kambini sasa? Tunajua wanalala wapi?
2. Nani kati yetu aliwahi kufanya kazi hiyo, na anaweza kuwafundisha wanaokwenda?
3. Tutaanza mfuko wa nauli kwa kiasi gani, na lini?