Kenya na Chanjo ya Homa ya Mafua



Kati ya mwaka 2019 na mwaka 2021, jirani zetu wa Kenya waliendesha mradi wa kuwachanja watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 23 dhidi ya homa ya mafua, yaani influenza, katika kaunti mbili za Nakuru na Mombasa. Mradi huo ulifuata pendekezo lililotolewa mwaka 2016 na kamati ya wataalamu inayoishauri serikali ya nchi hiyo juu ya chanjo. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini na kila mwenye familia, na hasa na askari, ambaye familia yake huishi kambini au katika kota za polisi, nyumba zikiwa zimebanana na watoto wakicheza uwanja mmoja.

Yafaa kwanza kuutofautisha ugonjwa huu na mafua ya kawaida. Mafua ya kawaida humpa mtu makamasi na kupiga chafya, naye huendelea na kazi zake. Homa ya mafua huja kwa ghafla, kwa homa kali, maumivu ya viungo, kikohozi na uchovu wa kumlaza mtu kitandani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yanayotokana na ugonjwa huo.

Majeshi yanaufahamu ugonjwa huu tangu zamani. Mwezi Machi 1918 ulienea katika kambi ya Funston, jimbo la Kansas nchini Marekani, na kabla ya vita ile kuu kwisha ulikuwa umezagaa duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo. Mamilioni ya watu walikufa, wengi wao vijana wenye nguvu. Si ajabu, basi, kwamba chanjo za mwanzo zilijaribiwa kwa wanajeshi wa Marekani katika miaka ya 1940, kabla ya kuenezwa kwa raia.

Sasa swali ni hili: mzazi achague chanjo ipi? Virusi vya homa ya mafua hubadilika mara kwa mara, na kwa sababu hiyo chanjo ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka. Mwezi Februari hupendekeza aina za virusi za kutiwa katika chanjo ya nusu ya kaskazini ya dunia, na mwezi Septemba huipendekezea nusu ya kusini. Kenya imekatwa katikati na mstari wa Ikweta, haina majira ya baridi kama ya Ulaya, na virusi hivyo huonekana huko karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mzazi wa Nakuru au wa Mombasa hawezi kuongozwa na kalenda ya London. La busara kwake ni kumwuliza mganga chanjo iliyopo ni ya mwaka gani, kuchagua iliyo mpya kabisa, na kuhakikisha kwamba muda wake haujapita. Tena chanjo hiyo lazima iwe imehifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa.

Baada ya hapo hufuata swali la nani apewe nini. Chanjo inayotumika zaidi ni ya sindano, yenye virusi vilivyokwisha kuuawa. Haiwezi kumwambukiza mtu ugonjwa, ingawa mkono huweza kuuma na homa ndogo ikaja kwa siku moja au mbili. Hufaa kuanzia umri wa miezi 6. Mtoto aliye chini ya miaka 9 anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili, zikiachana kwa muda usiopungua wiki nne. Katika baadhi ya nchi ipo pia chanjo ya kupuliziwa puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Hiyo haipewi mama mjamzito, wala mtoto wa chini ya miaka miwili, wala mtu ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu.

Mama mjamzito huweza kupewa sindano wakati wowote wa ujauzito, na kwa kufanya hivyo humkinga pia mtoto atakayezaliwa. Kichanga cha chini ya miezi 6 hakiwezi kuchanjwa, hivyo ngao yake ni mama yake na wale wanaoingia chumbani mwake. Askari arudipo kutoka zamu ya mpakani au bwalo lililojaa watu, huweza kumletea mtoto huyo maradhi bila kujua.

Nchini Kenya chanjo hii hupatikana zaidi katika hospitali za binafsi, kwa malipo, na mshahara una mambo mengi. Pale ambapo fedha hazitoshi kwa watu wote wa nyumba, ni haki watangulizwe mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee, na mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au kisukari. Baba mwenye afya njema aweza kungoja. Mwenye kumbukumbu ya kudhurika vibaya na chanjo hiyo hapo awali amwambie mganga kabla ya sindano.

Chanjo si hirizi. Huchukua yapata wiki mbili kujenga kinga, na kinga hiyo si kamili. Lakini hupunguza ugonjwa mkali na vifo. Haizuii mafua ya kawaida wala malaria. Mtoto akipata homa, hata kama amechanjwa, apelekwe kupimwa malaria bila kuchelewa.

Askari hufundishwa kwamba lindo huwekwa kabla adui hajafika. Nyumba yake nayo yahitaji lindo la namna hiyo, na lindo hilo huanza kwa swali moja kwa mganga: mwaka huu, nani nyumbani achanjwe kwanza?