Katuni Iliyoanzia Dukani



Katuni ya Transformers mwaijua? Basi msidhani hadithi ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua magari ya kuchezea kutoka Japani, yale yanayogeuka maroboti, ikayapa majina, na katuni ikatengenezwa ili yauzike.

Mwaka 1986 ikatoka filamu. Humo shujaa wao, Optimus Prime, akauawa ili kupisha vichezeo vipya madukani. Watoto walilia kikweli, hata mwaka 1987 akarudishwa.

Kwa hivyo mtoto akikulilia umnunulie, usimkemee, wala usikimbilie kutoa pesa. Keti naye utazame, umueleze: "Mwanangu, hili pia ni tangazo la biashara." Atazame, lakini ajue.