Uso Hauzibwi na Uchafu: Mazungumzo Kuhusu Chunusi, Harara na Krimu za Vibandani

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afya ya ngozi yaliyotayarishwa kwa mabaraza ya wananchi, mikutano ya wazazi shuleni na redio za jamii. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.



Mazungumzo ya leo yanaanzia mbele ya kioo. Anayejitazama ni msichana wa kidato cha pili. Si mtu mmoja. Wako wengi kama yeye katika kila wadi. Ameamka na vipele vitatu vipya kwenye paji la uso. Mama anamtupia jicho na kusema, "Mwanangu, hunawi uso vizuri wewe." Basi msichana ananawa mara nne kwa siku, kwa sabuni ya kipande ya kufulia, huku akisugua kwa dodoki. Baada ya wiki mbili vipele vimeongezeka na uso unamwasha. Rafiki yake anamwambia apake dawa ya meno. Mwingine anamletea ndimu. Mwishowe anachukua akiba yake na kwenda kibandani, ambako muuzaji anamkabidhi mrija mdogo wa krimu: "Dadangu, chukua hii. Siku saba tu, utakuja kunishukuru."

Na kweli, siku ya saba uso umetulia na unang'aa. Yanayofuata baada ya hapo ndiyo sababu kubwa ya mazungumzo haya. Lakini ni vyema kwanza kufahamu kilichomfikisha msichana huyu kibandani.

Ngozi ya uso imejaa vitundu vidogo viitwavyo vinyweleo. Kila kinyweleo ni mfano wa kisima chembamba. Ndani yake huota unywele, na ubavuni mwake kuna tezi inayotoa mafuta. Mafuta hayo si adui. Hulainisha ngozi na kuikinga isikauke. Kuta za kisima hicho nazo hupukutisha chembe zilizokufa, ambazo kwa kawaida huchukuliwa na mafuta hadi nje. Mtoto anapobalehe, homoni huzichochea tezi kutoa mafuta mengi zaidi, na chembe zilizokufa hushikana badala ya kutoka moja moja. Mafuta na chembe hugandamana na kuwa kizibo. Kizibo hicho hutengenezwa ndani, mahali ambapo dodoki halifiki hata likisuguliwa mpaka jioni.

Nyuma ya kizibo, bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, msafi na asiye msafi, hupata makao mazuri na kuzaliana. Mwili hupambana nao, na hapo kipele huvimba, huuma na kutunga usaha. Makadirio yanayotumiwa sana na madaktari wa ngozi ni kwamba zaidi ya vijana 8 kati ya kila 10 hupata chunusi, kwa uchache au kwa wingi, kati ya umri wa miaka 12 na 24. Kwa hivyo kumwambia kijana kwamba hanawi si ushauri wa afya. Ni kumwongezea aibu juu ya maumivu, na aibu hiyo ndiyo inayompeleka kibandani.

Hata vile vidoa vyeusi vya puani, ambavyo wengi huvikamua wakidhani ni vumbi lililonasa, si uchafu. Ni kizibo kile kile, ila mdomo wake uko wazi. Mafuta na rangi ya ngozi, iitwayo melanini, yakikutana na hewa hubadilika na kuwa meusi, kama ndizi iliyomenywa na kuachwa mezani. Ukivisugua kwa nguvu, unajeruhi ngozi inayovizunguka huku kizibo kikibaki pale pale.

Sabuni ya kufulia ina kosa la aina yake. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, kipimo cha karibu 5 kwenye mizani ya pH. Sabuni nyingi za kipande hufika 9 au 10. Zinaondoa mafuta yote, ngozi inakauka na kuwasha, na ukuta wake wa kinga unadhoofika. Dawa ya meno nayo huunguza ngozi. Ama ndimu, hiyo ni hatari zaidi kwetu sisi watu wa Pwani, kwa sababu maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha yakapigwa na jua kali, yanaweza kuacha malengelenge na mabaka meusi yanayodumu kwa miezi. Jikoni, ndimu haina mfano. Usoni haina kazi.

Kuna mambo ya nje yanayochangia kuziba vinyweleo, na mengine yamo katika mazoea yetu ya kila siku. Mafuta ya nazi ni mojawapo. Kwa nywele na ngozi ya mwili mzima hayana neno, na hakuna anayetaka kuyaondoa katika nyumba za Pwani. Lakini kwa uso ulio mwepesi wa kutoa chunusi, ni miongoni mwa mafuta yanayojulikana kuziba. Ajabu ni kwamba mafuta ya mgando ya jeli ya petroli, ambayo hulaumiwa sana, hukaa juu ya ngozi na kwa kawaida hayasababishi kizibo.

Mafuta ya nywele yana historia yake. Mwaka 1970, madaktari wa ngozi nchini Marekani walieleza katika jarida la kitabibu aina ya chunusi waliyoikuta kwa watu weusi waliokuwa wakipaka nywele mafuta mazito. Vipele vilijipanga kwenye paji la uso na kando ya vichwa, pale mafuta yanapoteremkia. Mama anayemsuka binti yake na kumpaka mafuta hadi kwenye mstari wa nywele anaweza kuviona vipele hivyo hivyo leo. Tiba yake ya kwanza haigharimu chochote: mafuta yapakwe katikati ya kichwa na kwenye ncha za nywele, yasifike usoni, na foronya ya mto ifuliwe mara kwa mara.

Waendeshaji boda boda nao wana chunusi zao. Kofia ya usalama inayobana paji la uso, na ukanda unaosugua kidevu kwenye joto na jasho kutwa nzima, huchokoza vinyweleo hadi vikaziba. Kofia isivuliwe barabarani, hilo halina mjadala. Ila sponji ya ndani ifutwe na kukaushwa kila jioni, na dereva anawe uso anapomaliza kazi. Abiria anayepewa kofia iliyovaliwa na watu kumi kabla yake anaweza kubeba kitambaa chepesi cha kuvaa ndani yake.

Sasa kuna kitundu kingine ambacho wengi hukichanganya na kinyweleo cha mafuta, nacho ni cha jasho. Mifereji ya jasho ikiziba wakati wa joto kali, jasho hubaki chini ya ngozi na kuzua vipele vidogo vidogo vinavyochoma na kuwasha. Hiyo ndiyo harara. Wanaoteseka zaidi ni watoto wachanga, na mara nyingi kwa sababu ya mapenzi. Mtoto amezaliwa mwezi wa Februari, joto limeshika kasi, naye amevishwa kofia ya sufi, soksi na blanketi mbili, halafu amepakwa mafuta mazito mwili mzima. Nyanya akiona vipele anaagiza aongezewe mafuta. Mafuta hayo huzidi kuziba. Mtoto mwenye harara anahitaji nguo nyepesi ya pamba, maji ya uvuguvugu, hewa na kivuli. Apoe, na kwa kawaida harara itaondoka yenyewe kwa siku chache. Akiwa na homa, au vipele vikitoa usaha, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wanaume wanaotoka vipele shingoni kila baada ya kwenda kwa kinyozi, nao wana tatizo lingine. Ndevu zilizojipinda hukatwa chini sana, kisha ncha zake hurudi na kuchoma ngozi. Kinyozi aombwe aache ndevu fupi badala ya kuzikwangua zote, na mashine isafishwe kabla ya kumgusa mteja anayefuata.

Turudi kwa msichana wa kidato cha pili na mrija wake.

Krimu nyingi zinazouzwa kwa ahadi ya kuondoa chunusi na madoa kwa siku chache huwa na steroidi kali, kama vile klobetasoli au betamethasoni. Hizi ni dawa halali zinapoandikwa na mtabibu kwa ugonjwa unaozihitaji, kwa muda maalumu. Zinapunguza uvimbe upesi, ndiyo maana uso hutulia. Pia hufifisha rangi ya ngozi, ndiyo maana unang'aa. Lakini zikipakwa usoni kwa wiki na miezi, ngozi hukonda hadi mishipa ya damu ikaonekana, nywele huanza kuota mashavuni, na vipele vipya hutoka kwa wingi, vyote vya umbo moja, kwa sababu steroidi yenyewe huzalisha chunusi. Msichana akiacha kupaka, uso unawaka kama uliomwagiwa pilipili. Akirudia, unatulia. Kwa hivyo anarudi kibandani, na muuzaji ana mteja wa kudumu.

Krimu nyingine zina zebaki. Kwenye orodha ya viambato huenda ikaandikwa kwa majina mengine, likiwemo kalomeli. Shirika la Afya Duniani limetaja dalili moja inayosaidia kuitambua: baadhi ya pakiti humwonya mtumiaji asiiguse krimu akiwa amevaa vito vya fedha au dhahabu. Krimu inayoogopa pete haifai kuguswa na shavu. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo, na haimdhuru anayejipaka peke yake. Hushika kwenye taulo na mito, na mtoto anayelala kifuani mwa mamaye huipata pia. Chini ya Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, nchi wanachama zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya vipodozi vyenye zebaki. Hapa Kenya, zebaki na haidrokwinoni haziruhusiwi katika vipodozi. Hata hivyo bado zinapatikana, hasa katika zile krimu za kuchanganya zinazofungwa kwenye vikopo visivyo na jina la mtengenezaji wala orodha ya viambato.

Inafaa kueleweka kwa nini vijana huzifuata. Mara nyingi si chunusi yenyewe inayowasumbua, bali doa jeusi linalobaki baada yake. Kwenye ngozi nyeusi, kila kipele kilichovimba au kukamuliwa kinaweza kuacha alama ya miezi mingi. Wengine hubaki na makovu yaliyoinuka. Doa hilo hufifia polepole iwapo vipele vipya vitazuiwa na uso ukakingwa na jua.

Kuzuia kwenyewe hakuhitaji fedha nyingi. Uso unawe asubuhi na jioni, na baada ya kutoka jasho, kwa maji na sabuni laini ya kuogea, kwa vidole, bila dodoki. Kama ngozi inakauka, ipakwe losheni nyepesi isiyo na mafuta mazito. Mikono isikamue. Kwa chunusi za kawaida, dawa iitwayo benzoili peroksaidi hupatikana katika maduka ya dawa, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10 na haiwashi sana kama hiyo, hivyo hakuna haja ya kutafuta iliyo kali. Hupakwa kwa wembamba sehemu nzima inayotoa chunusi, kwa sababu vizibo vinavyofuata tayari viko chini ya ngozi, havijaonekana tu. Inachujua rangi ya nguo na taulo, kwa hivyo shuka nyeupe ni bora. Asidi ya salisiliki na adapalini pia husaidia kufungua vizibo. Mama mjamzito, au anayetarajia kuwa mjamzito, asitumie adapalini wala kumeza dawa yoyote ya chunusi kabla ya kuongea na mtabibu. Baadhi ya vidonge hivyo humlemaza mtoto tumboni.

Kinachowashinda wengi ni subira. Kizibo huchukua wiki kadhaa kujijenga, na dawa ya kweli huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha matokeo. Wiki ya kwanza ngozi inaweza hata kukauka na kuchubuka kidogo. Muuzaji wa kibandani anajua hilo, ndiyo maana anaahidi siku saba.

Chunusi kubwa zinazouma chini ya ngozi, zinazoacha makovu, au zilizokataa kupungua baada ya miezi mitatu ya matunzo mazuri, zinahitaji mtabibu. Msichana aliyekwisha kutumia krimu ya kibandani kwa muda mrefu pia aende kituo cha afya, ikiwezekana kabla ya kuiacha ghafla, ili aelekezwe namna ya kuipunguza. Ikishukiwa kuwa na zebaki, aiache mara moja na aende siku hiyo hiyo. Asione haya, na anayemhudumia asimgombeze. Afisa wa kliniki atataka kujua alipaka nini, mara ngapi, na tangu lini. Mrija wenyewe, hata kama umekwisha, aende nao.