Chumba Kimoja, Waombaji Kumi



Leo tuseme habari ya chumba. Sisi wapangaji wa Dar es Salaam twajua ya kwamba kodi hailipwi mwezi kwa mwezi. Kabla hujaingiza godoro, mwenye nyumba ataka ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima. Na dalali naye ataka ya mwezi mmoja, ujira wa kutuzungusha mitaani. Mshahara waja mwisho wa mwezi, kodi yatangulia. Pengo hilo twaliziba kwa mkopo.

Wako wanaosema wenye nyumba wana roho mbaya. Wapo, hatukatai. Lakini wengine ni kina mama wajane wa Ilala na Magomeni, wenye nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, nao hula kwa kodi hiyo hiyo. Hata wote wakiwa malaika, chumba ni kimoja na waombaji ni kumi.

Tutazame nyuma. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta hapa watu 270,000 hivi; ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya milioni 5. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na katika miaka yake ya mwanzo lilivunja vibanda vingi na kujenga pale pale. Nyumba zikawa bora, bali hazikuongezeka sana. Mwaka 1971 Serikali ikatwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ilikuwa haki; lakini jumba likibadili mwenyewe halizai chumba cha pili. Juzi tu, mwaka 2022, kaya 644 za Magomeni Kota zilipewa ghorofa mpya mahali zilipovunjwa nyumba zao za zamani. Tumefurahi pamoja nao. Kijana aliyeshuka basi jana bado anatafuta.

Huyo humalizikia Chanika au Mbagala. Kodi huko ni nafuu, lakini nauli na saa za njiani zaila nafuu yote.

Basi diwani akija, tusimwulize kodi itashuka lini. Tumwulize viwanja vingapi vimepimwa mwaka huu, vyenye maji na barabara, na kama mchukuzi wa sokoni aweza kununua hata kimoja. Jibu liandikwe.

Sasa tufungue maswali. Tuanze na walioongezewa kodi mwezi huu, wasimame.