Seva Isipoziona Diski Zake



Mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama anayeambiwa dirishani kwamba mfumo haupatikani hudhani mara moja kuwa intaneti imekatika. Kwa leseni ya biashara inayoombwa kupitia TAUSI, dhana hiyo yaweza kuwa sahihi, kwani seva za mfumo huo haziko wilayani. Hospitalini mambo ni tofauti. Mfumo wa GoT-HoMIS uliosambazwa na TAMISEMI ulifungwa katika vituo vingi juu ya seva iliyomo kituoni humo humo, na taarifa za wagonjwa, majibu ya vipimo na malipo yakakaa kwenye diski za kompyuta hiyo.

Seva hiyo ikiharibiwa na umeme unaopanda na kushuka, huenda fundi akalazimika kuweka upya mfumo endeshi. Hapo hutokea jambo la kushangaza: diski zimo, taa zake zinawaka, lakini kioo kinaandika kwamba hakuna diski iliyopatikana. Sababu ni kwamba kati ya diski na mfumo endeshi kuna kadi iitwayo kidhibiti, inayoziunganisha diski kadhaa ili moja ikifa nyingine ziendelee na kazi. Kila aina ya kidhibiti ina lugha yake. Bibi wa Kijita asiyejua Kiswahili anaposimama mahakamani, ushahidi anao. Anachokosa ni mkalimani. Mkalimani wa kidhibiti ni programu ndogo iitwayo kiendeshi.

Zamani fundi wa Windows Server 2003 alibonyeza F6 na kuingiza kiendeshi kwa disketi. Tangu Windows Server 2008, flashi inatosha. Katika Linux viendeshi vingi huja ndani ya mfumo wenyewe, lakini havidumu milele: Red Hat Enterprise Linux 8, iliyotoka mwaka 2019, iliacha kuvitambua vidhibiti kadhaa vya zamani. Seva iliyofanya kazi vizuri na toleo la 7 yaweza kuonekana haina diski kwa toleo la 8, ingawa hakuna kilichoharibika. Halmashauri yenye vifaa vya umri mkubwa (na ni ipi isiyo navyo?) haina budi kulijua hilo kabla ya kubadili toleo.

Hatari kubwa ni haraka. Fundi anayesukumwa na foleni anaweza kuingia kwenye menyu ya kidhibiti na kuunda upya mpangilio wa diski. Bila kiendeshi mfumo endeshi bado hautaziona diski, na historia ya kliniki ya mama mjamzito yaweza kuwa imepotea. Fundi makini husoma kwanza namba ya modeli ya kadi, hupata kwa mtengenezaji kiendeshi cha toleo husika, hukiweka kwenye flashi, kisha hukipakia na kusubiri diski zijitokeze. Hata hivyo hagusi sehemu yenye taarifa kabla ya kuhakikisha kuna nakala nje ya seva, kwa maana diski zilizounganishwa si nakala.

Kazi hiyo yaweza kumaliza saa kadhaa. Mgonjwa atakayehudumiwa kwa karatasi siku hiyo aitunze karatasi yake, arudi nayo mfumo ukiwaka, na aulize kama maelezo yake yameingizwa.