Jenereta za Juba na masikio ya ndege

Hai Jalaba, kama mitaa mingi ya Juba, imezoea mngurumo wa jenereta. Wapo wanaosema ndege hufukuzwa na moshi na majengo, wala si kelele. Hoja hiyo ilipimwa Idaho, Marekani, mwaka 2012: watafiti walifunga spika msituni pasipo na barabara, wakarusha sauti za magari tu, na ndege wakapungua kwa zaidi ya robo. Sababu inaeleweka. Ndege asiyemsikia adui huinua kichwa kila mara kumtafuta kwa macho, na akitazama hadonoi. Umeme tunauhitaji, hasa zahanati zenye friji za chanjo. Hilo halina ubishi. Lakini jenereta yenye ekzosi nzima, iliyozungushiwa ukuta, hutoa umeme uleule, na sioni kwa nini lisiwe sharti.