Wenzetu Waliofungwa na Pombe
(Maneno yaliyosemwa na fundi mmoja wa karakana katika mkutano wa tawi)



Nimepewa dakika chache kusema juu ya wenzetu walioshikwa na pombe au dawa za kulevya, na jinsi walivyoachwa wakati wa Korona. Jambo hili ni letu. Akifukuzwa ni mwanachama anayefukuzwa, na akisinzia kwenye breki ni sisi tutakaokufa.

Mwakumbuka Machi 2020. Baa zilifungwa, na tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Wengi walisema, "Sasa walevi watapona." La, ndugu. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku kwa miaka, ukinyimwa ghafula, hutetemeka na kutoka jasho. Wengine huanguka kifafa, huona vitu visivyokuwapo, na huweza kufa. Mtu kama huyo yafaa aachishwe na daktari kwa dawa, siyo kufungiwa chumbani. Na wengine walijifungia na chupa zao, watoto wakitazama. Kule Iran mwaka ule ule mamia walikufa kwa kunywa methanoli, baadhi wakidhani pombe huzuia Korona.

Tena wako wa heroini. Hospitali ya Mathari Nairobi, na kule Malindi, hupewa methadoni, dawa ya kunywa mbele ya mhudumu kila siku. Aprili 2020 njia za kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa. Mtu kibarua kimekwisha, nauli hana, kliniki iko mbali: afanyeje? Marekani, mwezi wa Machi, waliruhusu mgonjwa aliyetulia achukue nyumbani dawa ya hata siku 28, na mwaka 2024 wakaiweka ruhusa hiyo katika kanuni zao za kudumu. Kumbe ile amri ya kuja kila siku haikushuka kutoka mbinguni!

Mikutano ya Alcoholics Anonymous, chama kilichoanza Marekani mwaka 1935, ilihamia kwenye simu. Mwenye mulika mwizi alibaki nje.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, yamruhusu mwajiri kumfukuza mara moja mtu aliyelewa kazini akashindwa na kazi yake. Lakini kifungu cha 41 chasema kwanza aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama, naye asikilizwe. Wangapi wametia sahihi barua peke yao kwa aibu? Ruhusa ya ugonjwa, kifungu cha 30, ni angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu. Haitoshi kumtibu mlevi.

Nasikia mnanung'unika nyuma ya kuwa chama si cha kulinda walevi. Sisemi mlevi aendeshe gari moshi. Aondolewe relini hata daktari aridhike. Ila anayejitaja mwenyewe kabla ya ajali apewe ruhusa ya matibabu, na kazi yake imngoje. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa 1996 wasema shida hii ichukuliwe kama ugonjwa mwingine wowote.

Basi natoa hoja Halmashauri ilitie neno hili katika mapatano yajayo na mwajiri. Kwa sasa kila mwakilishi aandike nambari ya NACADA, 1192. Kupiga ni bure. Naomba mtu aunge mkono.